Zungumza Naye, Anakusikia

Kwenye ndege hakuna anayekufa. Ndivyo Kitabu kinavyosema, na Kitabu cha wahudumu wa ndege hakina mchezo. Abiria anaweza kuzimia, anaweza kuzidiwa, anaweza "kutojibu", lakini kufa hawezi mpaka ndege itue, mlango ufunguliwe, na daktari mwenye muhuri apande kumpa ruhusa. Bi Mkanda alikuwa amewafundisha wahudumu wapya sheria hiyo kwa miaka mingi na wala haikuwahi kumkera. Ilianza kumkera siku kumi na mbili zilizopita.

Jina la Bi Mkanda alibandikwa na wahudumu wadogo, kwa sababu katika miaka yake ishirini na miwili angani hakuna abiria aliyemponyoka bila kufunga mkanda, awe waziri, awe mtoto wa kunyonya. Alikuwa mkuu wa wahudumu, mwanamke wa maneno machache na viatu vya kung'aa. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye chumba cha mikutano cha kampuni. Mjane alikuwa njiani. Alikuwa ameomba kuonana na yeye, si mwingine.

"Dakika kumi tu," alisema meneja wa huduma, akilisogeza boksi la karatasi za kufutia machozi katikati ya meza, kisha akalirudisha pembeni. "Unampa pole. Unamwambia tulifanya kila lililowezekana. Saa ya kifo usiitaje, hiyo ni kazi ya daktari. Umenielewa, dada?"

"Nimekuelewa."

"Maana ukiropoka, mimi sitaweza kukukingia kifua. Na unajua siku hizi wanavyotafuta pa kupunguzia watu."

Hakuwa mtu mbaya, meneja yule. Alikuwa mwoga tu, ila woga wake ulivaa tai na ukawa na ofisi yake. Bi Mkanda alimtazama akihangaika na boksi lake. Alikuwa ameshakata shauri tangu jana kwamba leo atamwambia yule mama ukweli, faili lake liandikwe litakavyoandikwa.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Mzee wa safu ya kumi na tisa alianguka katikati ya safari. Walimlaza kwenye njia ya kupita katikati ya viti, wakamkandamiza kifua kwa nusu saa nzima, wakipokezana, mpaka msichana mdogo kuliko wote kwenye zamu akaishiwa nguvu. Walipouliza kama kuna daktari, akasimama bwana mmoja, daktari wa ng'ombe. Alimgusa mzee shingoni, akamfunua kope, akamtazama Bi Mkanda na kutikisa kichwa. Basi, wakafanya kama Kitabu kinavyotaka. Walimrudisha kitini, wakamfunga mkanda, wakamfunika blanketi hadi shingoni. Hadi shingoni, si zaidi, maana ukifunika uso ndege nzima itajua. Zilikuwa zimebaki saa mbili kutua.

Mkewe alikuwa amepelekwa viti vya mbele wakati wa purukushani. Aliporudi alisimama juu ya mumewe, mkoba kifuani, akauliza, "Naweza kuzungumza naye?"

Hapo ndipo Bi Mkanda alipoteleza. Maneno ya Kitabu ni "tunamwangalia kwa karibu". Lakini mdomo uliozoea kutuliza watu kila ndege inapoyumba ulitoa ya kwake.

"Zungumza naye, mama. Anakusikia."

Mama akazungumza. Alimwinamia mumewe na kumnong'oneza mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Kila Bi Mkanda alipopita aliona midomo ile inacheza, na mara moja aliona mama anacheka peke yake. Baadaye daktari alipanda, akatazama saa yake, akaandika. Kwenye cheti, mzee alifia ardhini.

Bi Mkanda alikuwa amemfanya mke wa mtu mjinga siku mbaya kuliko zote za maisha yake, na alijiona mchafu.

Mjane aliingia akitembea upesi, tofauti na Bi Mkanda alivyomkumbuka. Kule ndegeni alikuwa akichechemea, wakamwita msaidizi mwenye kiti cha magurudumu. Sasa alivuka chumba kama mtu aliyechelewa kazini. Alimpa meneja mkono, akapokea pole zake, halafu akasema, "Baba, tuachie nafasi kidogo. Haya ni maneno ya wanawake."

Meneja alitoka akauacha mlango wazi nusu. Mama akainuka, akaufunga.

"Mama," Bi Mkanda alianza kabla hajafa moyo, "nina jambo la kukuambia. Siku ile niliku—"

"Nilikwambia mguu unaniuma," mama alimkatiza. "Unakumbuka? Mguu huu ni mzima kuliko wako. Umeniuma miaka kumi na mmoja kwa sababu moja tu. Mume wangu alimfukuza mwanetu kwa maneno waliyotupiana sebuleni, akasema jina lake lisitajwe tena nyumbani kwake. Kwa hiyo kila mwezi mguu uliniuma, nikaenda kliniki. Kliniki ilikuwa kwa mwanangu. Nimelea wajukuu watatu kwa mguu huu."

Bi Mkanda aliutazama mguu ule.

"Ndiyo niliyomwambia mzee kule juu. Yote, tangu mwanzo. Nikamwambia wajukuu wanafananaje, nani ana masikio yake. Nikamwambia nataka mtoto arudi nyumbani. Tulipotua nikampigia simu mwanangu, nikamwambia baba yako amesikia, amekusamehe, njoo. Akaja. Alimbeba baba yake mpaka kaburini."

"Mama, nisikilize." Sauti ya Bi Mkanda ilimtoka nyembamba. "Hakukusikia. Alikuwa ameshafariki kabla sijakurudisha kwenye kiti. Mimi nilijua. Nilikudanganya, na naomba unisamehe."

Akangoja kilio, au kofi, chochote ambacho kingemwondolea mzigo ule. Mama alikuwa akinyoosha ncha ya kitambaa cha meza.

"Najua," alisema. "Nilimshika mkono. Nimelala na mwanamume yule miaka arobaini na mitatu, unadhani siujui mkono wake?"

"Sasa kwa nini ulizungumza?"

"Ulinipa ruhusa. Akiwa hai ningemwambia lini? Angenikatiza kabla sijafika kwenye mguu." Alitabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Lakini juzi mtu aliyekuwa kwenye ndege ile alimwambia mwanangu kwamba mzee alifia angani, mapema kabisa. Sasa mtoto haniachi. Ananiuliza, mama, kama alifia angani, wewe ulizungumza na nani? Anataka kuondoka. Anasema amemlilia mtu aliyekufa akimchukia. Nimemweleza mpaka ulimi umekauka, haniamini, mimi ni mama yake. Wewe una sare. Yuko hapo nje."

Bi Mkanda alielewa. Siku kumi na mbili alikuwa ameubeba uongo mmoja akitafuta pa kuutua, na hapa anaombwa abebe wa pili.

"Siwezi, mama. Nimekuja hapa ili nisidanganye tena."

"Ulinidanganya bila kuombwa, mwanangu," mama alisema taratibu. "Sasa nakuomba."

Akaenda kufungua mlango, akaita. Aliingia mwanamume mrefu mwenye ndevu zisizonyolewa siku nyingi. Hakuketi. Alimtazama Bi Mkanda kuanzia beji ya kifuani hadi viatu, kama mtu anayekagua pasipoti.

"Dada, sina maneno mengi. Mama alipokuwa akizungumza, baba alikuwa anasikia?"

Mama alikuwa akitazama dirishani, vidole vyote kumi vimeukaza mkoba.

"Alikuwa anasikia, kaka," alisema Bi Mkanda.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Nilipita pale mara nyingi."

"Alisema nini?"

Hilo mama hakuwa amelipanga. Bega lake lilishtuka, na Bi Mkanda akaona kwamba lolote atakalomtungia mzee yule sasa, mwanawe atalijua kuwa si lake.

"Hakusema kitu," alisema. "Alinyamaza."

"Alinyamaza?"

"Mpaka mwisho."

Mwanamume alishika ukingo wa meza. "Baba? Baba asikie jina langu halafu anyamaze?" Akamgeukia mama yake. "Hakukukatiza? Hata mara moja?"

"Hata mara moja," mama alisema.

Mwanawe akakaa chini kwa kishindo na kulia, kwa sauti kubwa, vibaya, kama watu wazima wasiozoea kulia. Mama alikikumbatia kichwa chake na kuanza kumbembeleza. Bi Mkanda alisimama upande wa pili wa meza, mikono ikining'inia. Alitamani naye kulia, akaona hana haki hiyo.

Mlango ukafunguka. Meneja alichungulia, macho yakimtoka kwa wasiwasi.

"Kila kitu kiko sawa?"

"Kiko sawa, baba," mama alijibu, bila kumwachia mwanawe. "Huyu ametuambia ukweli wote."