Mlinzi wa Geti la Jikoni

Wilinton ni shujaa, mwulize mwenyewe. Katika saiba yangu ya michezo ya kompyuta hapa mtaani Comas ndiye nahodha wa timu inayokwenda kushindana mjini Huancayo, na ushujaa wake wote anaufanya akiwa amesimama mahali pamoja.

Mchezo wenyewe ni wa kunyata. Mwizi anaingia kwenye jumba kuiba vikombe vya dhahabu, mlinzi anamsaka gizani. Mwizi akiuawa anafufuka nyuma ya geti la jikoni, haoni aliye nje, na kuanza upya. Wenye akili zao hulinda vikombe. Wilinton hulinda geti. Unafufuka, anakupiga, unafufuka tena, yupo palepale.

Jumamosi ile timu ilikuwa imebakiza nafasi moja, na Nilda, binti wa muuza mishikaki ya moyo wa ng'ombe pale kona, aliitaka mpaka akawa haongei kitu kingine.

"Iba vikombe vingi kuliko nitakavyoiba mimi," Wilinton akamwambia, "halafu utapanda basi na sisi."

Nilda alianza kama mwizi, akaiba kikombe kimoja, akanaswa ngazini. Tangu hapo hakufika hata hatua mbili nje ya geti.

"We kaka, utakaa hapo mpaka uote mizizi?" akamuuliza.

"Nalinda, dada. Kazi ya mlinzi si kulinda?"

"Linda mali basi. Mimi hata sijazaliwa, ushanizika."

"Mchezo haukatazi. Kamlilie mama yako."

Nikamwambia Wilinton hiyo si haki. Akanijibu, "Anti Zoraida, wewe kaanga mahindi," kwa heshima zote, maana mdomo wake ulikuwa umejaa mahindi yangu.

Hapa kwangu aliyebanwa hanyanyuki kitini bila marudiano, tena kwa kubadilishana kazi. Basi Nilda akawa mlinzi, Wilinton mwizi. Alihitaji kikombe kimoja tu, Nilda abaki Comas akigeuza mishikaki ya mama yake.

Bingwa wetu akaingia kwa mbwembwe, akakanyaga mtego bustanini, akafa bila hata kumwona mlinzi. Akafufuka nyuma ya geti la jikoni. Akasimama.

"Toka basi," vijana wa timu wakamwambia.

"Nitoke niende wapi? Yupo hapo nje ananingoja. Mnaniona mjinga?"

Nilda akaendelea kutafuna. Macho yalikuwa kwenye skrini yake, mkono kwenye bakuli la mahindi.

"Nilda, ondoka getini," Wilinton akasema. Muda ukawa unayoyoma. "Nilda, huu sasa ni uonevu." Sauti ilianza kumtoka nyembamba. "Nyie, mwambieni aache. Mtu unamnyima hata nafasi ya kupumua, huo ni mchezo gani?"

Niliona raha, sifichi. Kijana mzima, bega kama mlango, amejibanza jikoni anaomba ahurumiwe.

Muda ukaisha. Hakugusa hata kikombe kimoja.

"Umenizingira getini mbele ya watu wote," akasema, macho yamemwiva. "Huo si ushindi."

Nilda akamgeuzia skrini yake. Mlinzi wake alikuwa ghorofani, kwenye chumba cha vikombe, na hakuwa ametoka humo tangu mchezo uanze. Geti la jikoni lilikuwa wazi, halina mtu.

"Nilikuwa huku, kaka," akasema. "Basi la Huancayo linaondoka saa ngapi?"