Kivuli cha Mkwaju Uliokatwa

Juu ya chemchemi yetu, huku Handeni, palikuwa na mikwaju miwili. Mmoja mjukuu wangu Sufiani aliukata akachoma mkaa. Chemchemi ikanywea, ikawa kama jicho la mgonjwa. Sasa alikuwa ananoa shoka kwa ajili ya wa pili.

"Mume wangu," nikamwambia, maana mjukuu wa kiume ni mume hata kama ni mvivu wa kuoga, "ukiukata na huo, tutakunywa jasho lako?"

"Bibi, nikiuacha nitakula kivuli?"

Ndipo akaja Yuditha, binti wa chuo, mtafiti wa hali ya hewa. Alisema mti hunywa maji ardhini, ukayapumua angani, yakawa mawingu. Naye alitaka kujua sisi tukikata, mvua inafanya nini. Akamsihi Sufiani asubiri kwanza apime. Mkwaju mzima akaufunga kifaa kama mkanda, cha kusikiliza maji yanavyopanda. Kingine akakifunga kwenye kisiki cha ule uliokatwa, apate kulinganisha.

"Hiki hakitasoma kitu," alisema. "Kisiki kimekufa."

Mchana akatazama simu yake, inayopokea vipimo. Akaenda kukigongagonga kifaa cha kisiki, akarudi.

"Bibi, maji yanapanda."

"Yanapanda kwenda wapi, mwanangu? Huko juu hakuna kitu."

Akageuka. Macho yake yalikuwa kwenye gari lake.

Gari lilikuwa uwanjani kwangu, katikati ya jua la utosini, hata kuku wamejificha. Lakini lilikuwa limelaliwa na kivuli. Kivuli kipana, chenye matawi, kikitikisika taratibu, na upepo haukuwepo. Niligusa bodi. Baridi kama mtungi.

"Umebeba nini humo, wewe?"

Akafungua buti kwa aibu. Gunia la mkaa.

"Nimenunua Segera, njiani. Mama aliniagiza."

Sufiani akaitazama kamba nyekundu iliyofunga gunia. Akaigusa. "Kamba yangu hiyo. Huo mkaa ni wa ule mkwaju."

Nikacheka. "Mtafiti wa mvua na gunia la mkaa! Haya, kamteremshe mgeni wako."

Yuditha akaliburuta gunia mpaka mlangoni kwangu. Kivuli kikaja nalo. Sufiani akasogea kando, nacho kikasogea. Tawi moja likampanda miguuni, likapita kifuani, likatulia shingoni.

"Bibi, kina uzito!"

Shoka likamdondoka. Hajaliokota hadi leo. Mkwaju wa pili umesimama, na chemchemi imefumbua jicho kidogo.

Gunia liko palepale mlangoni, hakuna anayethubutu kuliwasha. Mimi nimetandika mkeka wangu hapo kivulini. Cha bure hakikataliwi. Kila asubuhi nafagia majani madogo madogo, na ukwaju nauokota. Natengeneza juisi, napeleka Segera kwenye mabasi. Abiria wanaisifu sana.

Hawajauliza mti uko wapi.