Posa Mbili za Mlinganyo Mmoja

Saa kumi na nusu alasiri, Dancan Oloo alikuwa amemaliza kikombe cha tatu cha kahawa, na Manar bado ameukodolea macho mlinganyo mmoja: √(x + 6) = x.

Mtihani wa kuingia chuo cha ufundi ulikuwa kesho yake. Manar alitaka kusomea umeme. Mji wa Kale una nyumba tele ambazo fundi mwanamume haingii mume akiwa kazini, na taa iliyokufa asubuhi hukaa hivyo mpaka magharibi. Fundi mwanamke asingekosa kazi. Lakini mwaka jana vipeuo vilimwangusha, na chuo hakimpi mtu nafasi ya tatu.

Oloo, karani wa bandarini mwenye shahada ya hisabati, alitoka mtaa wa Buxton kuja kumfundisha. Kwa kuwa mume wa Manar hakuwapo, mama mkwe wake, Bi Afaf, aliketi nao sebuleni akivuta tasbihi, asiwaache peke yao. Maoni hakuombwa.

"Kipeuo kinakusumbua, kiondoe," alisema Oloo. "Kila upande uzidishe kwa wenyewe."

Manar akazidisha, akapanga, akapata majibu mawili: 3 na −2. Akayapigia mstari yote, akatabasamu.

"Moja la uongo."

"Uongo vipi, mwalimu? Si nimefanya ulivyoniambia?"

"Ukizidisha, hasi hupotea. Mbili na hasi mbili zote huwa nne. Jibu lisilo haki hupenya hapo. Rudi kwenye mlinganyo wa mwanzo, ujaribu kila moja."

Manar alimtazama kama mtu aliyeambiwa aoshe tena sufuria safi.

Bi Afaf akaacha tasbihi. "Hizo ni posa mbili, mwanangu. Akija kuposa na kanzu nyeupe na kofia ya vito, kila mtu ni mzuri. Si mwenda kumuulizia kwao? Basi."

"Hasa, mama," alisema Oloo.

"Na huyo hasi msijisumbue kumuulizia. Jina lake latosha."

Manar akaulizia. Kwa 3, kushoto 3, kulia 3. Kwa −2, kushoto 2, kulia −2. Bi Afaf akainua kidole: "Niliwaambia!"

Oloo hakubishana. Aliandika mlinganyo mwingine: √(x + 6) = −x. Majibu yakatoka yale yale, na Manar akamkata hasi papo hapo.

"Jibu ni tatu."

"Umemuulizia?"

"Tatu? Twamjua, mwalimu! Katoka hapa sasa hivi."

"Alitoka nyumba nyingine."

Manar akajaribu. Kwa 3, kushoto 3, kulia −3. Kwa −2, kushoto 2, kulia 2. Akarudia, matokeo yakawa hayo hayo.

Bi Afaf alivuta tasbihi kwa kasi. "Kumbe kijana mwema," alisema. "Kasingiziwa."

Kesho yake, swali lenye alama nyingi kuliko yote lilikuwa √(3x − 2) = x. Manar alipata 1 na 2. Akajaribu 1, ikakubali. Akajaribu 2, ikakubali pia. Mwaka jana angeandika yote mawili bila kufikiri. Sasa mkono ulimwasha kukata moja, lolote, kwa kuwa jana kila mara moja lilikatwa. Akaanza upya, hatua kwa hatua. Yote mawili yakasimama. Akayaandika.

Bi Afaf alimngojea mlangoni. "Wamepita wangapi?"

"Wote wawili, mama."

"Wawili kwa binti mmoja! Hukuuliza vizuri wewe."

"Nimeuliza mara mbili."

"Rudi ukaulize ya tatu."

"Karatasi wameshaichukua, mama."

"Haya tena. Shauri yako."

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, ujumbe uliingia katika simu ya Manar: amepita, afike chuoni Jumatatu kuandikishwa. Aliusoma kwa sauti. Bi Afaf akaomba asomewe tena.