Gunia Bado Yuko Kwenye Lifti

Haya ninayosimulia ni kweli tupu, na kama nimeongeza hata chembe, kamba ya lifti inikatikie nikiwa ndani. Naapa mapema kwa sababu wapangaji wenzangu huniita Babu Chumvi, eti kila ninachokipika kimezidi.

Mafuta yalipoadimika, serikali ilitangaza hatua za dharura. Magari yakatembea kwa zamu. Ofisi zikafungwa adhuhuri. Umeme ukawa wa kuonjeshwa, na jenereta zikaachiwa hospitali tu. Amri ya mwisho ndiyo iliyotuingia hadi ndani: lifti zote zisimame, na itakayokutwa inatembea mlango wake utachomelewa mpaka shida iishe. Mkaguzi wetu alikuwa bwana mnene mwenye pengo la meno ya mbele. Alikuwa akiweka kiganja juu ya jenereta ya uani, kama mama anayepima homa ya mwanawe, kisha anainusa na kuondoka.

Dada yangu mkubwa anakaa ghorofa ya saba. Figo zimemchoka, na mara mbili kwa wiki lazima afike hospitali kusafishwa damu. Ngazi haziwezi. Akikosa kusafishwa, tunamzika. Hilo halihitaji chumvi yangu.

Lifti hiyo niliiendesha mimi mpaka nikastaafu, kwa kupokezana na rafiki yangu Gunia. Jina lilimfaa, akiingia, lifti ilishuka kidogo kumsalimu. Kila alipopita ghorofa ya nne alikuwa akipiga mluzi, mkewe ajue kutenga chai. Gunia alikufa kabla ya shida hii. Mjane wake akahama, na mlango wa nyumba yao ya ghorofa ya nne una kufuli hadi leo.

Basi, siku ya kliniki, jengo zima halina umeme na jenereta imepoa, lifti ikaanza kutembea. Waliokuwa kwenye ngazi waliisikia ikipita nyuma ya ukuta, taratibu, kama mzee anayeburuta kiti. Kwenye kioo cha mlango lilipita giza jeusi kuliko giza la korido. Mama mmoja aliacha ndoo yake ya maji palepale.

"Ni Gunia," nikawaambia. "Kaja kumchukua dada. Msichungulie. Akiwa kazini hakupenda kuchunguliwa."

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akanitazama. "Babu, mzimu gani huo unaojua siku za kliniki?"

"Gunia alikuwa mtu wa ratiba, mwanangu."

"Na wewe huwa wapi mzimu ukipita?"

"Najificha. Nikiwa nadanganya, nitawapandisha nyote kwa mikono yangu hii."

Watu wakaguna, lakini tangu siku hiyo walipita karibu na mlango wa lifti wamebana pumzi.

Naona na wewe msomaji umeanza kunikodolea macho. Haya. Juu ya paa, kwenye chumba cha mashine, kuna gurudumu la kumwokoa mtu aliyekwama. Unalegeza breki, unazungusha kwa mkono. Upande wa pili wa kamba unaning'inia mzigo wa chuma, mzito kuliko lifti tupu. Kwa hiyo mtu mwepesi kumpandisha ni rahisi, mzigo wenyewe unamvuta. Kumshusha ndiko kunakotoa roho. Na dada alikuwa amekonda, kabaki mifupa na vichekesho. Ningewaambia majirani, habari ingemfikia mkaguzi kabla sijafuta jasho. Marehemu hachomelewi mlango, nikamkabidhi kazi.

Asubuhi moja dada akagonga ukuta wa lifti kwa fimbo yake, ishara yetu kwamba keshaingia. Nikalegeza breki, nikajiandaa kuumia mgongo. Gurudumu likazunguka kama limepakwa samli. Mle ndani mlikuwa na uzito usio wa dada.

Nywele zilinisimama, hizo chache. Nikaendelea kuzungusha kwa sababu mikono ilikuwa imesahau kuacha. Lifti ilipofika usawa wa nne, ukapanda mluzi kupitia tundu la kamba. Ule ule, mfupi, wenye mkia.

Nikaliinamia tundu. "Gunia? Umekuja kweli? Nisamehe, ndugu yangu, nimekusingizia. Anayezungusha ni mimi."

Ikapanda sauti ya mwanamume: "Zungusha tu, mzee. Tutaongea chini."

Nilishuka ngazi miguu ikitangulia akili. Chini nilimkuta mkaguzi amesimama na mkoba wa dada mkononi, fundi cherehani pembeni yake, na nusu ya wapangaji nyuma yao.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje nawe uko juu ya paa? Baba wa watu kapanda ghorofa zote saba anahema. Nimwache ashuke kwa miguu?"

Mkaguzi akanishika viganja, akavinusa. "Grisi na jasho," akasema. "Mimi nimetumwa kutafuta dizeli. Mpelekeni mama hospitali."

Nikashusha pumzi. Fundi cherehani hakuniruhusu kuimaliza. "Babu Chumvi, ulisema mikono ipi vile?"

Ndiyo maana siku hizi kila asubuhi niko juu ya paa, nawapandisha na kuwashusha wazee na wagonjwa wa jengo zima, bega limevimba kama andazi. Fundi cherehani si mzee wala mgonjwa, naye hapandi ngazi tena.

Ila siku ile, kabla mkaguzi hajaondoka, nilimuuliza kwa nini alipiga mluzi. Akanionyesha pengo lake. "Kwa meno yapi?" Nikamtazama dada. Naye alikuwa akinitazama mimi.

Jana nilimshusha dada peke yake. Gurudumu lilikuwa zito mpaka ghorofa ya nne. Kutoka hapo likawa jepesi, na lifti ikashuka kidogo, kama inayomsalimu mtu. Sikuinamia tundu. Nilizungusha mpaka chini.