Kanyaga, Baba

Mdogo wangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nimelala chali chini ya pikapu ya mtu, mafuta machafu yakinidondokea shingoni. Ana kipaji cha kupiga simu wakati kama huo. Kazi yake ni ya ofisini, ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka, na anadhani sisi wengine wote mikono yetu iko mitupu kama yake.

"Dada, gari ya mzee imeshafika hapo?"

"Imefika. Wameivuta jana."

"Basi sikiliza. Mwambie spea hazipatikani. Gari yenyewe ya zamani, atakuamini."

Nilimwambia mimi si muongo wa kukodishwa, na kama ana la kumwambia baba, baba ana masikio. Akasema baba hasikilizi la mtu. Hapo, kusema haki, hakukosea.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumatano ile baba alikuwa anamrudisha mama kutoka kliniki, kama anavyofanya kila wiki tangu mama avunjike nyonga. Walipofika nyumbani akaingia kwenye geti. Sisemi alipita getini, nasema aliingia kwenye geti lenyewe, likakunjika. Mama aligonga paji la uso kwenye dashibodi akatembea na nundu siku mbili. Baba akasema breki zilikataa. Mdogo wangu akasema breki zinasingiziwa, mzee ndiye aliyezeeka, na ufunguo uondoke mikononi mwake kabla hajaua mtu. Wakatupiana maneno sebuleni mpaka mama akalia. Mwishowe ikaamuliwa gari liletwe kwangu, nilifungue, niseme nilichokiona. Breki zikiwa mbovu, baba anabaki na ufunguo wake. Zikiwa nzima, anamkabidhi mdogo wangu, na habari hiyo haizungumzwi tena.

Ndivyo nilivyofanywa hakimu, na hakimu mwenyewe alikuwa na upande. Sitajificha: niliomba zikutwe mbovu. Baba ndiye aliyenifundisha kazi hii, wakati majirani wanamwambia msichana ataharibikia gereji. Wateja wa zamani mpaka leo wakiniona na spana husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi huipokea kama sifa. Mgongo wake ulipomkataza kulala chini ya magari, aliniachia gereji yote akabaki na usukani peke yake. Ukimnyang'anya na huo, unambakishia nini? Kiti cha plastiki barazani na redio ya kubishana nayo.

Jumapili huwa sifungui, na vijana wangu huwa makwao. Siku hiyo nilifungua kwa ajili ya gari lake tu. Baba alinikuta nimeshalipandisha nyuma kwa jeki. Alivaa ovaroli yake ya zamani, imepigwa pasi hadi mikunjo imesimama. Mwanamume gani hupiga pasi ovaroli? Lakini ndivyo alivyo. Hata viatu alikuwa amevipaka rangi.

"Anza na gurudumu la nyuma kushoto," aliniambia kabla ya salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anza na la nyuma kushoto."

Nililivua gurudumu, nikavua na ngoma ya breki, na nilichokiona kilinifurahisha kuliko inavyostahili. Lining, zile zinazobana ngoma, zilikuwa zimekwisha, chuma kinasuguana na chuma. Silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa inavuja, raba zake zimekauka na kupasuka. Nikaenda mbele, nikafungua masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu yote. Nayo ilikuwa imeliwa kwa ndani. Gari lile lilikuwa linasimama kwa dua za mama.

"Si nilisema?" baba akasema. Hakucheka, ila alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa na hofu.

Nilimpigia mdogo wangu palepale, na nilimsema. Nilimwambia baba alikuwa anaendesha jeneza la magurudumu manne na bado akamfikisha mama nyumbani, kwa hiyo amwombe radhi. Nilitegemea abishe ili nipate la kuongeza. Akasema tu, "Sawa, dada. Kama wewe umesema." Nikakata simu nikiwa mshindi, ingawa ushindi wenyewe haukuwa na ladha niliyoitarajia.

Mpaka saa saba nilikuwa nimeweka kila kitu kipya: lining, silinda za nyuma, pedi za mbele, masta silinda, na paipu moja iliyoshika kutu. Ikabaki kutoa upepo. Ukifungua mfumo wa breki, hewa huingia kwenye paipu, na hewa ni adui, kwa sababu ukikanyaga inabonyea yenyewe badala ya kusukuma mafuta. Lazima itoke, na kuitoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, anakanyaga pedeli mara tatu nne, kisha anaikandamiza chini na kusema ameshika. Mwingine yuko kwenye gurudumu, analegeza skrubu ndogo, mafuta yanaruka pamoja na hewa, anaikaza upesi na kusema achia. Hamuonani. Mnaaminiana kwa sauti.

Baba akakaa kitini, upandeupande, mlango wazi, kwa sababu ya mgongo wake. Mimi nikajilaza nyuma kushoto.

"Kanyaga, baba."

"Nakanyaga. Moja. Mbili. Tatu. Nimeshika!"

Nikalegeza skrubu. Hakikuruka kitu. Yalichuruzika matone mawili ya uvivu, basi.

"Umeshika kweli?"

"Nimeshika mpaka chini!"

"Ngumu au laini?"

"Laini kama uji."

Laini maana yake hewa nyingi. Tukarudia mara kumi. Tukarudia mara ishirini. Matone mawili. Nikasema paipu imeziba, nikaifungua, nikaipuliza kwa mdomo, ikapitisha vizuri. Nikairudisha. Matone mawili. Nikasema masta silinda niliyouziwa ni feki, nikampigia muuza spea, Jumapili yake ya watu, nikamweleza wema wa ukoo wake mzima. Maskini akaniapia kwa watoto wake. Nikaivua ile masta silinda, nikaikagua raba moja moja, haikuwa na kasoro. Nikairudisha huku nasonya.

"Labda hukazi vizuri huko," baba akasema.

"Na wewe labda hukanyagi!"

"Mimi nimeanza kukanyaga breki hujazaliwa, mama. Usinifundishe."

Tulinuniana kidogo. Saa tisa ilishapita, jua limeingia mpaka kwenye meza ya kazi, shati limenigandia mgongoni. Nikamwambia tujaribu mara ya mwisho. Akasema haya. Akahesabu moja, mbili, tatu, nimeshika. Safari hii sikulegeza skrubu. Sijui ni kitu gani kilinituma, nadhani ni hasira tu. Niliinuka na spana mkononi, nikazunguka kimyakimya mpaka mlangoni kwake, nimshike akiwa anakanyaga nusunusu.

Baba alikuwa amenyoosha shingo anatazama mbele, uso umekaza kwa juhudi, mikono yote miwili kwenye usukani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamizwa chini kwa nguvu zote, mpaka paja linatetemeka. Ulikuwa juu ya pedeli ya mafuta, si ya breki.

Nikachuchumaa. Nilifikiri atanicheka, au atajicheka mwenyewe, maana kila mtu hukosea. Nikaushika mguu, nikaubonyeza kifundoni, juu ya kiatu. Nikaubonyeza zaidi, kwa kidole gumba, pale ambapo mtu yeyote angeruka. Baba aliendelea kutazama mbele.

"Mbona kimya?" akaita kwa sauti kubwa, kuelekea nyuma ya gari. "Nimeshika! Fungua!"

"Niko hapa, baba."

Akashtuka, akatazama chini. Aliuona mkono wangu ulipo. Akauona na mguu wake ulipo. Alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu, na mimi sikuthubutu kuutoa mkono.

"Umenishika tangu saa ngapi?"

"Muda kidogo."

Sukari tulijua anayo, mwaka wa sita sasa. Tulijua dawa zake, chai yake isiyo na kitu, na jinsi anavyoiba vipande vya keki. Tulimpima macho mara mbili, kwa sababu wote tulidhani mzee akikosea barabarani ni macho. Hakuna aliyemuuliza habari za miguu.

"Ilianza na vidole," akasema. "Nikasema ni viatu. Baadaye ikapanda. Nikikaa sawasawa mguu wenyewe unajua pa kwenda, umezoea. Na breki ilivyokuwa mbovu, pedeli ilikuwa inazama mpaka nasikia inagonga chini. Kwa huo mlio najua nimeikuta."

"Jumatano uliusikia?"

Akafikiri. Baba si mtu wa kudanganya akiulizwa waziwazi. "Sikumbuki, mama. Ningekumbuka ningekwambia."

Kwa hiyo sitajua kamwe kilichokataa siku ile ya geti kilikuwa kipi, gari au mguu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba ningefaulu kumpa breki mpya, ngumu, zinazoshika juujuu bila kugonga popote. Ningemnyima hata ule mlio, halafu ningempungia mkono akatoka na mama pembeni yake.

Sikulia. Nilitaka, ila mbele yake niliona aibu.

"Toka nje uniachie kiti," nilimwambia. "Mimi nikanyage, wewe ufungue."

"Mgongo."

"Nitakuwekea godoro."

Nikamtandikia sponji ya kiti kilichovunjika. Akajishusha polepole akiguna, akaipokea spana. Mikono yake haina tatizo, ile inasikia mpaka unywele. Nikakanyaga, nikashika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia mafuta yakiruka kwenye chupa aliyoikinga. Gurudumu baada ya gurudumu, hatukusema lingine zaidi ya kanyaga, nimeshika, achia. Tulipomaliza pedeli ilikuwa ngumu chini ya mguu wangu.

Niliendesha mimi. Baba hakuuliza, alizunguka akakaa upande wa abiria, akafunga mkanda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Hukumu nilishaitoa, breki zilikuwa mbovu, na hilo halikuwa uongo. Ningeweza kuishia hapo. Ningemwambia mdogo wangu amwache mzee, kisha mimi kwa siri nimtafutie dereva, au nimpeleke mama mwenyewe, au nivunje kitu kwenye gari kila Jumanne. Nilipanga uongo mwingi kwa dakika ishirini kuliko niliousema maishani.

Mdogo wangu alikuwa nyumbani, kashika nyundo, ananyoosha geti, na hajui kushika nyundo. Mama alikuwa barazani na magongo yake. Alipotuona, mdogo wangu aliiweka nyundo chini akaja, na kabla ya lolote akasema, "Baba, naomba unisamehe. Dada kaniambia breki zilikuwa zimekufa kabisa."

Baba akaniomba ufunguo, nikampa. Nilidhani anautia mfukoni. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Breki zilikuwa mbovu," baba akamwambia. "Dada yako hakusema uongo. Sasa ametengeneza, ziko imara. Mimi ndiye siko imara. Mguu huu siusikii."

Akamnyooshea ufunguo. Mdogo wangu, aliyeutaka ufunguo ule wiki nzima, aliyegombana na kila mtu kwa ajili yake, alirudisha mkono nyuma kama mtoto anayepewa dawa.

"Baba, basi. Kaa nao tu."

"Si ulikuwa unautaka?"

"Nilikuwa naogopa, baba."

"Na mimi," baba akasema. "Chukua."