Tundu Walilolinyamazia

Wanafunzi wake walimwita Mizani, naye hakuchukia. Mwaka nenda mwaka rudi alisimama mbele ya ubao akifundisha jinsi mataifa yanavyoogopana, na mfano wake ulikuwa uleule. Jirani mmoja ananunua mbwa kwa kuhofia wezi. Jirani wa pili anamsikia mbwa akibweka, anasema, "Kumbe huyu ananiwinda mimi," naye ananunua wawili. Wa kwanza anapandisha ukuta. Mwisho wa yote mtaa mzima haulali, na mwizi mwenyewe hata hajatokea. Darasa likishacheka, Mizani huwaambia kwamba hapo hakuna mjinga, kila mtu katumia akili zake.

Mdogo wake, ambaye nyumbani walizoea kumwita Kicheko, aliusikia mfano huo siku moja wakiwa jikoni.

"Sasa dada, si wagongeane mlango waulizane?"

"Ukigonga, atajua kwamba umekuwa ukimchunguza."

"Na akijua?"

"Atajificha zaidi."

"Makubwa haya! Na mshahara mnapewa?" Kicheko alicheka mpaka ikabidi akae chini atafute pumzi, maana mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi vizuri, na daktari alikwisha sema kwamba dawa peke yake haitoshi tena.

Usomi huo ndio uliompeleka Mizani kwenye kamati ya siri ya serikali. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, simu unaziacha mlangoni kwenye sanduku la bati, na ukishaapa kuyatunza ya humo ndani, umeapa. Kazi ya kamati ilikuwa matundu. Tundu ni kosa la mtengenezaji wa programu ya kompyuta, mahali alipopitiwa, na anayelijua anaweza kuingia bila kubisha hodi. Ukiligundua una njia mbili tu. Umwambie mtengenezaji azibe, dunia nzima ipone, maadui zako wakiwemo. Au unyamaze, uliweke kibindoni, siku moja likufae.

Siku hiyo Fundi Mkuu, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, alileta tundu lake kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Lilikuwa kwenye programu inayoendesha hospitali: mafaili ya wagonjwa, vyumba vya upasuaji, hata makufuli ya majokofu ya damu. Na nchi jirani, ile waliyokuwa wakitupiana nayo maneno kila wiki, ilitumia programu hiyohiyo.

"Nao wanalijua?" aliuliza mwenyekiti, kanali mstaafu.

"Hakuna dalili," alisema Fundi Mkuu.

Kanali alikuna kidevu. Ungedhani mwanajeshi ndiye atakayeshangilia, lakini wapi! "Mimi nimezika watu wengi," alisema. "Mambo ya hospitali siyapendi. Angalau tuzibe kwetu kimyakimya."

Wote wakamgeukia Mizani, na Mizani akajibu vizuri. Hilo ndilo linalouma, kwamba alijibu vizuri sana. Alisema jirani anazitazama hospitali zetu kama sisi tunavyozitazama zake. Tukiziba, ataona tumeziba, atajiuliza tumeziba nini, na kabla ya jioni tundu ni lake. Ulinzi wa tundu ni kuliacha wazi na kutoligusa. "Na maadamu hajui," alimalizia, "hakuna wa kulitumia."

Mikono ikapanda. Wa kanali ulikuwa wa mwisho, lakini nao ulipanda.

Wala haukupita muda mrefu, Kicheko akaitwa hospitali kuu kurekebishwa moyo. Jioni ya kabla ya kulazwa Mizani alimkuta chumbani akikunja nguo za kuvaa wodini, mama yao ameketi kitandani anazikunjua na kuzikunja upya kwa sababu hakuna aliyewahi kukunja nguo ikamridhisha.

"Dada," alisema Kicheko, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. "Naogopa. Daktari anasema naweza kungoja kidogo nikitaka. Wewe mwenye akili zetu zote, niambie. Niende au ningoje?"

Mizani alihisi neno limefika kooni. Ngoja. Neno moja tu, wala halikuhitaji maelezo. Lakini angoje nini, na mpaka lini, wakati tundu lile halina siku ya kuzibwa? Na mama angeuliza kwa nini, maana mama huuliza. Akajikumbusha kiapo. Akajikumbusha hesabu zake, kwamba jirani hajui, na asiyejua hadhuru.

"Nenda," alisema. "Ukirudi utanichekea mpaka unichoshe."

Asubuhi iliyofuata, Kicheko akiwa mezani na kifua kimeshapasuliwa, skrini za hospitali zote zilizimika, kisha zikawaka na ujumbe wa kudai fidia. Walikuwa wezi wa kawaida, genge lisilo na bendera wala balozi, watu ambao hakuna nadharia ya Mizani iliyowahi kuwatengea hata ukurasa. Tundu walilitafuta wenyewe wakaliona. Kwani wao hawana macho?

Ndani ya chumba cha upasuaji damu ya Kicheko ilikuwa inamwagika, na damu ya kumwongezea ilikuwa upande wa pili wa korido, ndani ya jokofu ambalo kufuli lake lilisubiri amri ya kompyuta. Mhudumu mmoja alilivunja kwa nondo. Alilivunja kweli, akakimbia na mifuko mpaka viatu vikamtoka. Akakuta daktari ameshavua glavu.

Msiba ukajaa nyumbani, na redio ikajaa matusi. Jirani katuua! Jirani lazima alipe! Vijana walipiga mawe ubalozi. Hakuna aliyetangaza kwamba asubuhi ileile hospitali za jirani nazo zilifungwa, na huko nako watu walikuwa wanachimba makaburi.

Simu ya Mizani ililia akiwa uani. Aliyepiga alikuwa profesa wa upande wa pili wa mpaka, aliyesoma naye darasa moja enzi za ujana, kisha wakaacha kusalimiana kila mmoja alipoingia kwenye kamati ya serikali yake.

"Pole, dada yangu," alisema. "Nimesikia habari za mdogo wako. Tundu lile sisi tulilijua zamani. Tulitaka kuziba. Mimi ndiye niliyewakataza. Niliwaambia tukiziba, mtaona."

Mizani aliegemea ukuta. Kila neno la yule bwana lilikuwa lile alilolisema yeye mwenyewe kwenye kamati. Alikata simu bila kuaga.

Ndani, mama alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya wanawake. Alipomwona bintiye aliinuka kwa kiwiko, akamshika mkono.

"Wewe ndiye unayewajua watu hawa, mwanangu. Ni kweli majirani wametuulia mtoto?"

Wanawake wakanyamaza wasikie. Mizani angeweza kusema ndiyo, na nchi nzima ingekuwa shahidi wake. Angeweza kusema sijui, na kiapo kingebaki salama.

"Si wao, mama. Ni wezi. Waliingia palipokuwa wazi."

"Na nani alijua kwamba ni wazi?"

"Majirani walijua. Na sisi tulijua. Mimi nilijua, mama, siku ile aliponiuliza aende au angoje."

Kuna mwanamke aliguna. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe huyu aliyebaki, akitafuta kuelewa kwa uaminifu kabisa, jinsi alivyokuwa akijitahidi kila mara bintiye alipomweleza masomo yake.

"Mlijua nyie, wakajua na wao, wote mkanyamaza. Kwani mlikuwa mnaogopana nini?"

Maisha yake yote ya kazi Mizani alikuwa analijibu swali hilo. Alifungua mdomo. Mama alisubiri, akasubiri, kisha akamwachia mkono, akageuka akalala akitazama ukuta.