Vituo vya Reli vya Tymon Sowa

Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni duka la Jarmark lilitoa mchezo mmoja bure, na kila Ijumaa saa hiyohiyo wafanyakazi kumi na mmoja wa duka la Kufer, katika ghorofa ya tatu ya kilichokuwa kiwanda cha nguo mjini Łódź, waliacha kazi ili waone ni mchezo gani. Maduka yote mawili yaliuza michezo ya kompyuta mtandaoni, bila mlango wala kaunta. Wenye Jarmark walikuwa ng'ambo, na wangeweza kugawa vitu bure miaka kumi bila kutetereka. Kufer lilikuwa na michezo ya zamani na maneno manne juu ya ukurasa wake wa kwanza: Ulichonunua ni chako milele.

"Chukueni, chukueni," alisema mkuu wao, Radek Pilch. "Ila atakayeucheza asinisalimie Jumatatu."

Walichukua wote, kila mtu kwa barua pepe yake ya nyumbani. Radek naye alichukua.

Bogna Wrzos, wa huduma kwa wateja, ndiye aliyeliona jina la Tymon Sowa wa mji wa Kutno. Jarmark lilikuwa likiwanyakulia wateja kwa maelfu, lakini huyu alifungua Kufer kila siku saa kumi alasiri, akacheza mchezo uleule wa reli hadi saa mbili usiku, siku mia nne na kumi mfululizo, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Radek alilichapisha jina lake akalibandika ukutani juu ya birika.

"Huyu ndiye mwanamume," alisema. "Hanunuliki."

Akaagiza apelekewe kikombe chenye nembo ya duka.

Wiki iliyofuata mama yake Tymon alipiga simu. Jadwiga Sowa alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuandikisha vizazi na vifo pale Kutno, na alizungumza polepole, kana kwamba anamsubiri mwenzake amalize kuandika.

"Nashukuru kwa kikombe, Bi Bogna. Nimekiweka mezani pake. Ila chai hanywi tena tangu afariki."

"Pole sana, mama. Alifariki lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tisa. Ini."

"Na anayecheza ni nani?"

"Si yeye mwenyewe? Nani mwingine analijua neno lake la siri?"

Bogna aliandika hivyo kwenye fomu, maana palikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada.

Wakazoea kupigiana simu. Jadwiga alimweleza kwamba saa kumi kiti hulia, skrini ikawaka, na kipanya kikaanza kutembea. Yeye huketi kando kwenye kigoda akimenya viazi. Katika mchezo ule mtu hujenga reli, na kila kituo hukipa jina alitakalo. Alipokuwa hai Tymon aliviita kwa majina ya wasichana waliomkataa. Siku ya pili baada ya maziko alijenga kituo akakiita Mama Nimefika. Kikafuata Huku Si Baridi. Kikafuata Zima Jiko, na kweli jiko lilikuwa limeachwa likiwaka. Jadwiga alinakili kila jina kwenye daftari, pamoja na tarehe, kwa mwandiko wake wa ofisini.

"Alipokuwa hai nilikuwa nikipata ndiyo na hapana tu," alisema. "Sasa nina vituo mia mbili na sita."

Siku ya kuwasha mishumaa makaburini alikwenda kuwasha wa Tymon asubuhi, ili saa kumi awe amesharudi kukaa naye nyumbani.

Katikati ya Novemba, Jarmark likanunua haki zote za mchezo wa reli. Kuanzia tarehe mosi Desemba ungepatikana kwao tu, na Kufer lingeuondoa hata kwa wale waliokwisha kuununua. Mteja angehamishwa bure, yeye na reli zake zote, mradi abonyeze Nakubali. Ndivyo Jarmark lilivyochota watu. Radek alitia sahihi mkataba huo akiwa amesimama.

"Ni mchezo mmoja tu," alisema. Yale maneno manne yalibaki juu ya ukurasa, kwa sababu hakuna aliyeagizwa kuyafuta.

Bogna alipiga simu Kutno.

"Mama, nisikilize vizuri. Swali likitokea, mwache abonyeze. Wewe usiwaambie kitu. Usiwapelekee karatasi yoyote."

"Abonyeze vipi? Maiti hana sahihi, binti yangu. Nimezikataa sahihi za namna hiyo miaka thelathini na moja."

"Lakini wao hawaulizi kama mtu yuko hai."

"Leo hawaulizi, kesho wataamka wameuliza. Nataka mambo yake yawe sawa, asije akafukuzwa kwa watu."

"Mama, nakuomba."

"Umelelewa vizuri, Bi Bogna. Lakini karatasi huzijui."

Alikuwa akiamini kwamba karatasi yenye muhuri hufungua mlango wowote. Maishani mwake mwote ilikuwa kweli: kwa karatasi alipata nyumba, kwa karatasi alimpatia mwanawe kitanda hospitalini na, baadaye, shimo zuri karibu na ukuta wa makaburi. Tarehe mosi Desemba asubuhi alitia cheti cha kifo na ombi la urithi katika bahasha mbili, moja ya Jarmark na moja ya Kufer, akazipeleka posta kwa rejista. Akarudi na stakabadhi mbili mkononi.

Saa kumi kiti kililia. Swali lilitokea, Tymon akabonyeza mwenyewe, na reli zake zikaonekana Jarmark kama zilivyokuwa. Siku hiyo alijenga kituo kimoja tu, kwenye ukingo wa ramani, akakiita Usitume Mama.

Jadwiga alikisoma, akavaa koti akatoka bila kofia. Pale posta walimwambia kwamba mfuko wa barua ulikuwa umeondoka saa tisa.

Jarmark lilijibu dakika nne baada ya kufungua bahasha. Lilimpa pole. Lilimkumbusha kwamba anachonunua mteja ni ruhusa ya kucheza, ruhusa hukoma pamoja na uhai wake, wala hairithiwi. Kwa hiyo akaunti imefungwa na reli zimefutwa. Chini waliambatisha punguzo, endapo angependa kufungua akaunti yake mwenyewe.

Bahasha ya Kufer ilifika mezani kwa Bogna. Aliisoma akaificha kwenye droo, chini ya pakiti ya majani ya chai. Masharti ya Kufer yalikuwa na kifungu kilekile, neno kwa neno, na Bogna alikijua tangu siku alipoajiriwa. Alilia kidogo, kisha akapokea simu iliyofuata.

Jumamosi kabla ya Krismasi alipanda treni kwenda Kutno. Jadwiga alimwandalia pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha, vyenye kabichi ndani, na kumpa kigoda. Saa kumi kiti kililia na skrini ikawaka. Tymon alifungua Kufer, akaenda kwenye rafu ya michezo yake, na kipanya kikapanda na kushuka pale mchezo ulipokuwa. Kilipanda na kushuka muda mrefu.

"Niliununua kule Jarmark kwa jina langu," alisema Jadwiga. "Nikamfungulia. Alikaa tu, hakugusa. Cha mtu hagusi, nilimlea hivyo."

"Na kalamu na karatasi?"

"Nilimwekea. Hakuwahi kuwa mtu wa barua."

Kwa kuwa Tymon alifungua Kufer kila siku, Radek aliendelea kumhesabu, na jina lake lilibaki juu ya birika. Jarmark nalo halikumsahau, maana waliofunga akaunti na waliotafuta wateja walikaa ofisi tofauti. Kila Ijumaa jioni barua pepe yake ilipokea maneno haya: Tymon, tumekukumbuka, rudi uchukue mchezo wako wa bure. Jadwiga aliwajibu kila mara kwa barua ya rejista kwamba mwanawe amefariki, na kila mara walimpa pole.

Alimwonyesha Bogna daftari. Kituo cha mwisho kilikuwa cha mia mbili na ishirini na tatu, chenye tarehe, na chini yake mistari mitupu.

Walikaa naye wote wawili hadi saa mbili. Kiti kikalia, skrini ikazimika. Jadwiga alimtakia mwanawe usiku mwema, akaondoa kikombe cha chai kilichopoa, akasimama nacho katikati ya chumba.

"Posta hufungwa saa kumi na mbili," alisema. "Siku ile bahasha ningeweza kuzipeleka jioni."